Damu baada ya kujifungua: pima, usikadirie kwa macho

#1 MkungaZamu
Wakuu, habari za jukwaani. Kwenye ule uzi wa vifo vya wajawazito tulichanganya kifafa cha mimba, uchungu pingamizi, maambukizi na damu, mwisho hakuna aliyetoka na kitu mkononi. Hapa naomba tubaki na damu ya baada ya kujifungua, maana ndiyo inayoongoza kuua na ndiyo isiyotoa muda. Uchungu pingamizi usipotibiwa huua kwa wastani wa siku tatu, maambukizi siku sita. Damu ya baada ya kujifungua, saa mbili.

Kwa nini upesi hivyo? Mimba ikikomaa, mfuko wa uzazi hupitiwa na mililita 500 hadi 700 za damu kila dakika. Kondo la nyuma likibanduka, mishipa iliyokuwa inalilisha inabaki wazi, na kinachoifunga ni misuli ya mfuko wenyewe kujikaza na kuibana. Misuli ikilegea, hakuna kitu kingine kinachozuia.

Halafu kuna mtego. Mjamzito ana damu ya ziada, kwa hiyo anavumilia. Presha yake hubaki nzuri mpaka amepoteza karibu robo ya damu yote mwilini, kisha inaporomoka kwa mkupuo. Mhudumu anayesubiri presha ishuke ndipo aite wenzake ameshachelewa.

Sasa kiini cha uzi. Tatizo kubwa halikuwa kukosa dawa, lilikuwa kutojua kwamba mama anatokwa damu nyingi. Utafiti wa E-MOTIVE ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukahusu wanawake zaidi ya 210,000, na matokeo yakatoka 2023. Hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida ziligundua 51% tu ya waliotokwa damu nyingi. Zilizotumia plastiki yenye vipimo (mfuko wa kukingia damu, wenye mistari ya mililita) ziligundua 93%. Waliopewa matibabu kamili walikuwa 19% upande mmoja na 91% upande wa pili. Waliofikia kupoteza lita nzima, au kufunguliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa damu, walishuka kutoka 4.3% hadi 1.6%. Dawa ni zilezile za kabatini.

Plastiki inawekwaje: mtoto akishatoka, acha maji ya uzazi yamalizike kwanza, la sivyo utayahesabu kama damu. Ondoa shuka lililolowa. Mama anyanyue makalio, sukuma plastiki chini yake, funga kamba kiunoni, mfuko uning'inie ukingoni mwa kitanda. Inua kidogo upande wa kichwa ili damu iteremke mfukoni isijikusanye mgongoni. Iache saa nzima. Damu ikiwa bado inatoka, ongeza saa ya pili. Kila dakika 15 fanya mambo manne: soma mstari, shika tumbo usikie kama mfuko ni mgumu, angalia damu inavyotoka (matone, mchirizi au inabubujika), pima mapigo na presha. Andika hapohapo. Ukisema utajaza mwisho wa zamu, utajaza ulichokisahau.

Ufanye nini na namba: damu ikifika mililita 500, anza matibabu bila mjadala. Ikifika 300 na kuna dalili yoyote kati ya hizi, anza pia: mapigo zaidi ya 100, presha ya juu chini ya 100, presha ya chini chini ya 60, au namba ya mapigo imeipita namba ya presha ya juu. Hicho cha 300 ndicho kipya, kimo kwenye mwongozo wa WHO (Shirika la Afya Duniani) wa Oktoba 2025.

Matibabu yanafanywa yote kwa pamoja, ndani ya dakika 15:
kusugua mfuko wa uzazi kupitia tumboni mpaka ukaze;
oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi) uniti 10 ndani ya dripu ya mililita 200 hadi 500, iishe kwa dakika 10, kisha uniti 20 kwenye lita moja ya maji chumvi kwa saa 4;
asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu igande) gramu 1 kwenye mshipa, polepole kwa dakika 10;
maji ya dripu kwa ajili ya kurudisha mzunguko, kupitia kanula nene;
kumwaga kibofu, kukagua njia ya uzazi na kondo, na kuita mkubwa kama haikatiki.

Tulichofundishwa zamani, kusugua halafu uone, oksitosini halafu uone, ndicho kinachokula zile saa mbili.

#2 HojaNzito
Maneno matamu ya semina za Dodoma. Zahanati ya kijijini plastiki yenye mistari itoke wapi, wakati glovu tu ndugu wanatumwa duka la dawa? Wakunga wa zamani walikuwa wanaangalia kwa jicho na wanajua. Na takwimu mnazozileta ndizo hizohizo za vifo kushuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015-16 mpaka 104 mwaka 2022. Kama tumeshuka hivyo bila plastiki, ya nini?

#3 MkungaZamu
Mkuu, jicho lina kasoro moja mbaya sana hapa: kadiri damu inavyokuwa nyingi ndivyo linavyopunguza. Mililita 200 utazikadiria vizuri tu. Mililita 1,000 zilizosambaa kwenye shuka, sakafuni na kwenye beseni lenye maji, watu wazoefu wanasema 500. Uzoefu hausaidii sana, kwa sababu mwenye uzoefu amezoea makadirio yake.

Kama plastiki haipo, tumia mizani. Pima uzito wa pedi na vitambaa vikavu kabla, uandike ukutani. Vikilowa, pima tena, toa uzito wa mwanzo. Gramu moja ni kama mililita moja. Mizani ya kupimia watoto wachanga inatosha, funika kwa nailoni. Usichanganye vitambaa vilivyolowa maji ya uzazi au mkojo.

Na hata khanga imewahi kuwa kipimo. Kigoma, wakunga wa jadi walifundishwa kwamba khanga mbili zikilowa damu, mama amepita mililita 500, hapo wanachukua hatua. Kwa hiyo kupima hakuhitaji utajiri.

Kuhusu 556 na 104, zote mbili ni za sampuli ya kaya, watu wanaulizwa kuhusu dada zao waliofariki, na makisio ya namna hiyo huwa na nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Kushuka kupo. Lakini usichukue tofauti ya namba mbili ukahitimisha kwamba leba hazina shida.

#4 MfamasiaPwani
Naomba niingilie hapa maana dawa zinasingiziwa. Mtu anasema "nimempa oksitosini na haikufanya kazi", ukifuatilia unakuta ampuli zilikaa wiki kadhaa kwenye trei juu ya kabati, chumba nyuzi 33.

Oksitosini inakaa nyuzi 2 hadi 8, kwenye friji, mpaka dakika ya kuitumia. Joto haliibadilishi rangi wala harufu; maji yanabaki meupe na nguvu imepungua, ndiyo maana hakuna anayegundua. Friji ya chanjo inafaa kabisa. Kinachotokea vituoni ni kwamba friji ya chanjo ina kufuli na ufunguo anao wa kliniki ya watoto, ambaye anaondoka saa tisa na nusu. Leba inabaki na ampuli za mezani. Dawa yake ni kuwa na kibebeo kidogo cha chanjo chenye barafu leba, ampuli za zamu moja tu, zisigusane na barafu, zinazobaki asubuhi zirudi kwenye friji. Na usizigandishe.

Ergometrini (sindano nyingine ya kukaza mfuko) nayo inataka baridi na giza. Ikibadilika rangi, tupa.

Misoprostoli (vidonge vya kukaza mfuko) haitaki friji ila inaogopa unyevunyevu. Vidonge vikitolewa kwenye karatasi yake ya alumini na kuwekwa kwenye kopo au bahasha "kwa ajili ya dharura", unahifadhi chaki. Kata kipande chenye vidonge vikiwa bado ndani. Kutibu ni maikrogramu 800 chini ya ulimi, yaani vidonge vinne vya 200, pale ambapo hakuna oksitosini ya mshipani. Kuzuia ni 600 kwa kumeza, na kabla ya kumpa hakikisha hakuna pacha tumboni. Baadaye mama atatetemeka na anaweza kupanda joto kali. Hiyo ni dawa, usikimbilie kuandika malaria.

Kabetosini inayovumilia joto (nayo hukaza mfuko; maikrogramu 100, dozi moja, hairudiwi) inakaa chini ya nyuzi 30 bila friji. Utafiti uliotoka 2018, wenye wanawake karibu 30,000 katika nchi 10 zikiwemo Kenya na Uganda, ulionyesha haizidiwi na oksitosini katika kuzuia. Sisitiza KUZUIA. Aliyeanza kutokwa damu anatibiwa kwa oksitosini kama alivyoandika sista hapo juu.

Traneksamiki inakaa kwenye joto la kawaida la chumba. Ampuli kwa kawaida ni miligramu 500 ndani ya mililita 5, kwa hiyo gramu moja ni ampuli mbili, mililita 10, unasukuma mililita moja kila dakika. Ukisukuma kwa haraka mama anatapika na presha inashuka. Ipewe ndani ya saa 3 tangu kujifungua, na hapo katikati kila dakika 15 za kuchelewa zinapunguza faida yake kwa kama asilimia 10. Damu ikiendelea baada ya dakika 30, au ikirudi ndani ya saa 24, rudia gramu 1. Usiipitishe kwenye mpira uleule unaopitisha damu.

#5 Usingizi_Salama
Nyongeza ya traneksamiki, tena ni ya kufa na kupona. Ampuli yake inafanana sana na ya bupivakaini, dawa ya ganzi ya kuchoma mgongoni kwa ajili ya upasuaji. Imetokea nchi mbalimbali mtu akachanganya akaichoma kwenye uti wa mgongo. Mgonjwa anaanza maumivu makali ya mgongo na miguu, degedege, moyo unakwenda mrama, na karibu nusu yao wamekufa. WHO ilitoa tahadhari rasmi mwaka 2022.

Kwa hiyo traneksamiki haikai kwenye trei ya dawa za usingizi, hata kwa dakika moja. Iwe kwenye boksi la damu, nje ya meza ya mtoa usingizi, na anayechoma mgongoni asome lebo kwa sauti mwenzake akisikia.

#6 Klinishani_Magharibi
Salamu kutoka huku Kenya. Sista ameandika vizuri, ila mmesahau mama mwenye presha ya mimba anayetokwa damu. Huyo ana mitego yake.

Kwanza, ergometrini marufuku. Inabana mishipa ya mwili mzima, presha inaruka, anapata kiharusi mbele yako. Tatizo ni kwamba ikitokea dharura mtu ananyakua kilicho karibu. Andika kwa kalamu nyekundu kwenye faili tangu analazwa.

Pili, anayepewa magnesiamu salfeti (dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba), misuli ya mfuko wa uzazi nayo inalegea kidogo. Tarajia damu, weka oksitosini tayari. Lakini USIKATE magnesiamu kwa sababu ya damu, maana kifafa kinaweza kumpiga hata baada ya kujifungua. Inaendelea mpaka saa 24 zipite tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lile lililokuja baadaye.

Kwa wanaouliza kila mara jinsi ya kuchanganya: ampuli ya 50% ya mililita 10 ina gramu 5. Vuta mililita 8 (gramu 4), ongeza maji ya sindano mililita 12, unapata mililita 20 za 20%. Hizo mshipani polepole, dakika 5 mpaka 20. Kisha gramu 5 za ile ya 50% kila tako, ndani sana, ukichanganya na mililita moja ya lignokaini ya 2% kwenye sindano ileile. Baadaye gramu 5 kila saa 4, ukibadilisha tako. Kabla ya KILA dozi hakikisha: goti linaruka ukiligonga, anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, mkojo si chini ya mililita 30 kwa saa. Mojawapo ikikosekana, ahirisha dozi. Akiacha kupumua, msaidie kwa mfuko wa hewa na mpe kalsiamu glukoneti gramu 1, yaani mililita 10 za 10%, polepole mshipani. Iwe juu ya meza, siyo stoo.

Mkojo ndio watu wanaoudharau. Aliyetokwa damu nyingi figo zake zinapungua kasi, magnesiamu haitoki, inarundikana. Dozi iliyokuwa salama mchana inakuwa sumu usiku.

Tatu, kifafa kinaweza kuja na chembe za kugandisha damu zikiwa zimeshuka. Hapo hata mfuko ukikaza, damu haigandi.

#7 MaabaraNaDamu
Asante klinishani kwa kunipa njia. Kama maabara imefungwa au haina vipimo vya kuganda kwa damu, kipimo cha kitandani kipo na hakigharimu kitu. Vuta mililita 2 za damu, weka kwenye kitubu kidogo cha KIOO, kisafi, kikavu, kisicho na dawa yoyote ndani. Kifumbate kwenye ngumi kipate joto la mwili. Baada ya dakika 4 kiinamishe taratibu uone kama kuna donge, kisha kila dakika moja. Ikipita dakika 7 hakuna donge, au lipo lakini laini linalovunjika, damu haigandi. Kitubu cha plastiki kinadanganya, kinachelewesha kuganda hata kwa mtu mwenye afya kabisa.

Kuhusu kuagiza damu: sampuli itoke mara unapoweka kanula ya kwanza, kabla dripu haijaingia. Kulinganisha damu kikamilifu huchukua kama dakika 45. Anayesubiri hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ishuke ndipo aagize hajui kwamba hemoglobini ya damu inayotoka sasa hivi haishuki papo hapo. Mtu anapoteza damu nzima, maji na chembe kwa pamoja, namba inabaki ileile mpaka dripu iifanye damu iliyobaki kuwa nyepesi. Mama anaweza kuwa na 11 na yuko njiani kufa.

Na dripu zisipite kiasi. Lita tatu, nne za maji chumvi ya baridi zinapunguza vigandishi na kushusha joto la mwili, na damu baridi haigandi. Pasha moto dripu, mfunike mama blanketi. Baada ya lita mbili kama bado anazama, anachohitaji ni damu.

#8 Binti_Uuguzi
Samahani wakubwa zangu, mwanafunzi hapa. Tumbo limekaza kabisa kama jiwe, kondo limetoka zima, lakini damu nyekundu inaendelea kuchirizika. Naendelea kusugua?

#9 MkungaZamu
Hapana mdogo wangu, acha kusugua. Mfuko mgumu na damu nyekundu ya mchirizi ni mchaniko mpaka ithibitike vinginevyo. Taa nzuri, mama kwenye ukingo wa kitanda, mtu wa pili ashike vyombo vya kufunulia, shika mlango wa kizazi kwa koleo mbili za mviringo na uzungushe kama saa, kipande kwa kipande. Mchaniko wa mlango wa kizazi unajificha saa tatu na saa tisa. Mshono wa kwanza uanze JUU ya ncha ya mchaniko, maana mshipa hurudi nyuma. Ukianzia kwenye ncha yenyewe damu inaendelea kwa ndani, nje pakavu, na uvimbe unakua ukutani mwa uke. Mama akilalamika anataka kujisaidia haja kubwa na analia maumivu wakati nje hakuna damu, fikiria huo uvimbe.

Kwa hesabu ya jumla, kati ya sababu kumi, saba ni misuli kulegea, mbili michaniko, moja mabaki ya kondo; damu isiyoganda ni chache lakini ndiyo ngumu kuliko zote. Na kabla ya yote, kibofu. Kibofu kilichojaa kinausukuma mfuko juu na pembeni na hauwezi kukaza hata umwage oksitosini ndoo nzima.

#10 HojaNzito
Nakubali ya khanga na mizani. Sasa nijibuni hili. Zahanati, usiku, mkunga mmoja, kafanya yote, damu haikatiki, hospitali ya wilaya kilomita 60. Hapo kitabu kinasemaje?

#11 Klinishani_Magharibi
Hapo mikono inafanya kazi ya chumba cha upasuaji kwa muda.

Kubana kwa mikono miwili: glovu ndefu, ngumi moja ndani ya uke mbele ya mlango wa kizazi, mkono mwingine tumboni unaushika mfuko kwa nyuma na kuusukuma kwenye ngumi. Unabana mpaka ukaze au mpaka msaada ufike, na mkono utakufa ganzi. Kama uko peke yako na unahitaji mkono mmoja kwa kazi nyingine, bana mshipa mkuu: ngumi juu kidogo ya kitovu, kushoto kidogo, sukuma moja kwa moja kuelekea uti wa mgongo. Gusa mapigo ya kinenani. Yakisikika, hujabana vya kutosha.

Puto la kondomu: mpira wa mkojo namba kubwa, kondomu ifungwe kwa uzi mwishoni mwake, iingizwe ndani ya mfuko wa uzazi, ijazwe maji chumvi mililita 250 hadi 500 mpaka damu ipungue, mpira ukunjwe na kufungwa, gozi ukeni puto lisiteleze. Lilibuniwa Bangladesh na daktari Sayeba Akhter. Lakini weka baada ya kuhakikisha hakuna kipande cha kondo ndani wala mfuko haujapasuka, na liwe daraja la kumfikisha penye damu na upasuaji. Ukiliweka kisha ukalala naye zahanati mpaka asubuhi umemficha tu.

Vazi la kuzuia mshtuko wa kupoteza damu (linabana miguu na tumbo) kama lipo: linaanzia vifundoni kwenda juu, tumbo mwisho. Makosa ni wakati wa kulivua. Wapokeaji hospitalini wanalichana lote kwa pamoja, presha inaporomoka mezani. Livuliwe sehemu kwa sehemu kuanzia vifundoni, kila sehemu subiri dakika 15. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au mapigo yakipanda kwa 20, funga tena upesi.

#12 MkungaZamu
Upande wa Tanzania, usafiri piga 115, bure, ni mfumo wa m-mama: anayepokea anapanga gari la wagonjwa, na lisipokuwepo anatuma dereva wa jamii aliyesajiliwa. Piga wakati wa kuanza matibabu, si baada ya yote kushindikana. Barua ya rufaa iwe na mambo mafupi: saa ya kujifungua, kiasi kilichopimwa, dawa gani saa ngapi, hasa saa ya traneksamiki, grupu ya damu kama inajulikana. Bila saa hizo, wapokeaji wanarudia dozi au wanaogopa kuzitoa.

#13 Usingizi_Salama
Mmezungumzia kujifungua kwa kawaida tu. Nchi zetu zimepanda uchumi wa kati, vituo vya afya vingi vinapasua siku hizi, na damu imehama pamoja na kisu. Utafiti wa nchi 22 za Afrika uliochapishwa 2019 ulikuta vifo vya akina mama baada ya upasuaji wa kujifungua ni mara 50 ya vile vya nchi tajiri, na damu ilikuwa sababu kubwa.

Mezani damu inajificha kwenye chupa ya kufyonzea (imechanganyika na maji ya uzazi, soma kabla na baada ya mtoto), kwenye gozi, na chini ya makalio ya mama ambako hakuna anayeangalia. Baada ya upasuaji anapelekwa wodini, plasta ya tumbo kavu, kila mtu anaridhika. Mapigo yanayopanda kila nusu saa huku anasema ana kiu na anahangaika kitandani ni damu tumboni, fungua macho kabla ya presha kukuambia.

Halafu kuna kovu. Mwanamke ambaye kondo limekaa chini kwenye mlango wa kizazi na alishapasuliwa mara moja, uwezekano wa kondo kujichimbia kwenye kovu ni kama 11 kati ya 100. Alishapasuliwa mara mbili, 40. Mara tatu, 61. Huyu utrasaundi ya kuangalia kondo liko wapi si anasa, na hajifungui wala hapasuliwi kituo cha afya. Akifunguliwa tumbo na kondo likaonekana limejichimbia, kulivuta ni kumuua. Daktari anapita mbali nalo, anamtoa mtoto, na mara nyingi mfuko unatolewa na kondo ndani yake. Damu chupa kadhaa ziwe chumbani kabla ya kisu.

#14 BabaWawili
Mimi si mhudumu, mke wangu ana miezi saba. Nimesoma yote, nimeogopa, lakini nauliza: sisi wa nyumbani kazi yetu ni ipi? Ndugu zake wanataka ajifungulie kwao kijijini kwa bibi.

#15 MkungaZamu
Ndugu yangu, vizuri umeuliza mapema. Kwanza hemoglobini. Aliye na damu pungufu anatokwa zaidi, na kiasi ambacho mwingine angekivumilia yeye kinamwangusha. Vidonge vya madini ya chuma ameze kila siku, mbali na chai na maziwa maana vinazuia kufyonzwa. Kinyesi kuwa cheusi ni kawaida, asiviache. Kipimo kirudiwe sasa, miezi hii ya mwisho, siyo kile cha mwanzo tu. Chini ya 11 ni pungufu, chini ya 7 ni hatari, aende hospitali sasa bila kusubiri uchungu.

Pili, ulizeni kliniki mambo ambayo yanamtoa kwa bibi moja kwa moja: kupasuliwa zamani, mapacha, kondo kukaa chini, kutokwa damu uzazi uliopita, mimba ya tano na kuendelea, presha. Kwa bibi aende akale uji na kupumzika, kujifungua kituoni. Kama kijiji kiko mbali, asogee karibu na hospitali wiki mbili tatu kabla.

Tatu, jua grupu yake na tafuta watu wawili watatu wenye afya walio tayari kuchangia damu, namba zao ziwe kwenye simu yako NA ya mama mkwe.

Akisharudi nyumbani: pedi inayojaa ndani ya saa moja, madonge makubwa, kizunguzungu akisimama, moyo kwenda mbio, au damu iliyokuwa imepungua kurudi kwa nguvu, hata kama ni wiki ya tatu au ya tano, ni kituoni usiku huohuo. Mara nyingi hiyo ya baadaye ni kipande cha kondo au maambukizi. Homa na harufu mbaya vikiambatana, msisubiri hata usafiri wa asubuhi. Njiani alazwe, afunikwe, anyonyeshe kama ana nguvu, akojoe kabla ya kuondoka.

#16 BabaWawili
Asante sana sista. Hizo pedi alizotumia, tuzitupe au tuje nazo?

#17 MkungaZamu
Njoo nazo zote kwenye mfuko wa nailoni, na khanga pia. Na pedi kavu moja ya aina hiyohiyo, tukatoe uzito wake.